Joto la Ngozi na Joto la Kipimajoto: Uhakiki wa Orodha Moja ya Istilahi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa kwa wakuza istilahi ili zichunguzwe kabla ya kusanifiwa, ipo moja ambayo yafaa kujadiliwa mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa kasoro zake zatokana na namna tulivyozoea kufasiri sayansi, wala hazimhusu mfasiri mmoja peke yake. Kazi hiyo ni orodha ya istilahi za elimu ya ngozi. Kila istilahi imepewa fasili fupi, na orodha nzima imekusudiwa kutumiwa na walimu wa sayansi pamoja na watumishi wa afya. Walioitayarisha hawatatajwa hapa. Sehemu tutakayoihakiki ni ile inayoeleza jinsi ngozi ya binadamu inavyotambua tofauti ndogo za joto na baridi.

Kabla ya kutoa lawama ni haki kutoa sifa. Orodha hii imeandikwa kwa bidii. Tahajia yake ni safi, upatanisho wa ngeli umezingatiwa, na watayarishaji wamejizuia kutohoa kila neno gumu lililowakabili. Palipokuwa na neno la Kiswahili wamelitafuta, na mara nyingi wamelipata. Kasoro tunayoiona ni kwamba wamelitafuta neno kabla ya kuielewa dhana, na matokeo yake ni kuwa mwanafunzi atakayesoma fasili hizi ataamini kwamba amebandikwa kipimajoto mwili mzima.

Hoja ya uhakiki huu ni moja. Maneno "joto" na "baridi" ni maneno ya ngozi kabla ya kuwa maneno ya fizikia. Joto ni jamaa wa kitenzi cha Kibantu ambacho tungali nacho tusemapo kuota moto na kuota jua; joto ni kile akipatacho mtu anayeota. Baridi lilitujia kutoka Kiarabu, na ndugu zake ni burudi, burudisha na burudani, maneno ya mwili uliopata nafuu baada ya hari. Fizikia iliyaazima maneno haya baadaye, ikayapa maana zake, na hapana ubaya wowote katika kuazima. Ubaya huja pale mwandishi wa elimu ya viumbe anapoyachukua kutoka kwa fizikia yakiwa na maana hizo mpya, akayarudisha kwenye ngozi kana kwamba hayajapata kukaa huko.

Ngozi hufanya kazi gani?

Haiwezekani kuihakiki istilahi bila kuifahamu dhana. Kwa hiyo hatuna budi kueleza kwa ufupi yale ambayo sayansi imeyathibitisha.

Chukua mabakuli matatu. La kwanza litie maji ya baridi, la tatu maji ya moto yasiyounguza, na la katikati maji ya vuguvugu. Tia mkono mmoja katika la kwanza na mwingine katika la tatu, ukae dakika chache, kisha uitie mikono yote miwili katika bakuli la katikati. Mkono uliotoka kwenye baridi utasikia joto, na ule uliotoka kwenye moto utasikia baridi, ilhali maji ni yale yale. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alikwisha kulitaja jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1690, akalitumia kuonyesha kwamba yale tuyasikiayo na yale yaliyomo katika vitu si kitu kimoja. Katika karne ya 19 Ernst Heinrich Weber wa Leipzig, Ujerumani, aliichunguza hisi ya mguso kwa vipimo, na maandishi yake ya mwaka 1846 yakawa miongoni mwa misingi ya elimu hii.

Jambo la pili lajulikana na kila aliyewahi kukanyaga sakafu ya saruji asubuhi akitoka mkekani. Saruji huonekana ya baridi kuliko mkeka, ingawa vyote vimelala usiku kucha katika chumba kimoja na kipimajoto kitatoa jibu lile lile kwa vyote viwili. Sababu ni kwamba ngozi ina joto lake yenyewe. Ile ya mkono huwa karibu na nyuzi 33 za Selsiasi. Saruji na chuma huliondoa joto hilo upesi, mkeka na mbao huliondoa polepole. Kinachosikiwa na mtu ni kupoa kwa ngozi yake mwenyewe.

Jambo la tatu ndilo kubwa zaidi kwa mkuza istilahi. Katika miaka ya 1882 na 1883 Magnus Blix, akifanya kazi Uppsala, Sweden, aligundua kwamba ngozi haisikii joto na baridi kila mahali kwa usawa. Ipo nukta inayosikia baridi tu, na kando yake ipo nyingine inayosikia joto tu. Alfred Goldscheider wa Ujerumani na Henry Donaldson wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, waliona jambo hilo hilo katika miaka ya 1884 na 1885. Nukta za baridi ni nyingi kuliko za joto. Hatimaye ilidhihirika kwamba habari za baridi na habari za joto hupelekwa na neva zilizo mbali mbali, na kwamba neva nyingi za baridi hupeleka habari zake haraka kuliko zile za joto. Mwaka 1997 kundi la David Julius huko Marekani lilitambua protini ambayo hufunguka kama mlango katika utando wa seli ya neva pindi joto lifikapo karibu na nyuzi 43, na ambayo hufunguliwa pia na kiini kikali cha pilipili. Mwaka 2002 Julius na Ardem Patapoutian, bila ya kushirikiana, walitambua mlango mwingine ufunguliwao na ubaridi na pia na mentoli, ile dawa ya mnanaa. Wanasayansi hao wawili walitunukiwa Nishani ya Nobel ya tiba mwaka 2021.

Jambo la nne ni wepesi wa ngozi katika kupambanua. Katika mnofu ulio chini ya kidole gumba, ngozi ikianza kwenye nyuzi 33 hivi, mtu husikia ongezeko la joto la nyuzi 0.20, na upungufu wa nyuzi 0.11 tu. Akipewa mipoesho miwili ya ghafla, mmoja baada ya mwingine, aweza kuipambanua ikiwa imepishana kwa nyuzi 0.02 hadi 0.07. Vipimajoto vingi vya nyumbani havina wepesi huo. Lakini ngozi hiyo hiyo, joto likibadilishwa polepole sana, chini ya nusu ya nyuzi kwa dakika, huweza kupitisha badiliko la nyuzi nne au tano bila ya mwenyewe kujua, mradi tu ngozi ibaki kati ya nyuzi 30 na 36. Basi tunacho hapa chombo ambacho ni hodari kuliko kipimajoto na pia ni dhaifu kuliko kipimajoto, kwa kuwa kazi yake ni nyingine kabisa. Kipimajoto hueleza hali ilivyo. Ngozi huarifu kwamba hali imebadilika.

Tukiwa na mambo haya manne mkononi, na tuitazame orodha.

"Kipimajoto cha ngozi"

Hivi ndivyo orodha inavyoviita vile vincha vya neva vinavyopokea joto na baridi. Istilahi hii inavutia kwa kuwa inaeleweka upesi, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwani kinachoeleweka upesi ni uongo. Ngozi haipimi. Isitoshe, istilahi imekuwa moja ilhali vitu ni viwili. Mwanafunzi akipewa "kipimajoto" atafikiri kwamba kuna chombo kimoja ambacho hupanda kwa joto na kushuka kwa baridi, kama zebaki katika mrija. Ugunduzi wa Blix, ambao umetimiza zaidi ya miaka 140, unafutwa kwa neno moja.

Pendekezo letu ni "kipokezi cha joto" na "kipokezi cha baridi", viwili, kila kimoja na fasili yake. Likihitajika jina la jumla, "vipokezi vya joto na baridi" latosha. Ni refu kidogo, lakini urefu huo unafundisha.

"Baridi: ukosefu wa joto"

Fasili hii ni sahihi katika somo la fizikia. Katika somo la ngozi ni batili. Fizikia haina kitu kiitwacho baridi. Ina joto jingi na joto kidogo. Ngozi, kwa upande wake, ina baridi kamili, yenye neva zake na mlango wake katika seli. Kwamba baridi ya ngozi si ukosefu wa kitu huthibitishwa na ajabu moja iliyoelezwa na Max von Frey mwaka 1895: nukta ya baridi ikiguswa na ncha yenye joto la zaidi ya nyuzi 45, mtu husikia baridi. Neva ile haina habari nyingine ya kutoa isipokuwa baridi, hata anayeigusa awe moto.

Hapa Kiswahili hakikuhitaji kufundishwa. Hakuna Mswahili asemaye kwamba amekosa joto pale anapotetemeka. Husema asikia baridi, au aona baridi, nayo ni kitu kilichomjia. Mfasiri aliyekulia katika lugha hii alikuwa na fasili sahihi kinywani mwake, akaiacha, akaenda kuchukua ya kitabu.

Kuhusu kile kinachopimwa na chombo, orodha inatumia "jotoridi" na "halijoto" katika ukurasa mmoja, kana kwamba ni mapambo ya kubadilisha. Tunafahamu kwamba "jotoridi" limo katika vitabu vya shule na limelelewa na walimu wengi, halistahili kubezwa. Hata hivyo neno lililoungwa kutokana na joto na baridi linamwambia mwanafunzi kwamba chombo kinapima vitu viwili, na chombo kinapima kimoja. "Halijoto" ni bora kwa sababu inataja hali, na hali ndiyo ipimwayo. Msomaji anayeshikilia "jotoridi" tutamwomba jambo moja tu: akichagua, asichanganye.

"Kiwango cha chini cha baridi"

Hili ndilo kosa zito kupita yote katika orodha. Watayarishaji walitaka kutaja badiliko dogo kabisa ambalo mtu aweza kulisikia. Wakaandika: "Kiwango cha chini cha baridi katika mkono ni nyuzi 0.11." Msomaji asiyejua atafikiri nini? Ataona mkono uliokaribia kuwa barafu. Nambari ni sahihi, sentensi ni ya kupotosha, kwa sababu neno "nyuzi" linafanya kazi mbili: hutaja mahali katika kipimo, na hutaja pengo kati ya mahali pawili. Kusema "nyuzi 0.11" na kusema "tofauti ya nyuzi 0.11" ni kama kusema "kilomita ya tatu" na "kilomita tatu".

Tunapendekeza "kizingiti cha hisi" kwa lile badiliko la kwanza linalosikiwa, na "kizingiti cha kupambanua" kwa tofauti ndogo kabisa kati ya vitu viwili inayoweza kutambuliwa. Kizingiti ni neno la mlangoni. Kila mtu anajua kwamba ukiwa nje ya kizingiti hujaingia, na ukikivuka umeingia, hata kwa unyayo mmoja. Tena tunapendekeza kwamba kila inapotajwa nambari ya kizingiti litangulie neno "tofauti", "ongezeko" au "upungufu", bila ya kuachwa hata mara moja.

Vile vile fasili ya kizingiti haikamiliki kwa nambari peke yake. Kizingiti cha mdomo si kizingiti cha unyayo. Midomo na mashavu ni mepesi, miguu ni mizito, na uzee huongeza uzito huo, hasa miguuni. Ngozi ikiguswa eneo kubwa husikia badiliko dogo kuliko ikiguswa eneo dogo. Na tumekwisha kuona kwamba badiliko la polepole hupita kimya kimya. Kwa hiyo kizingiti kitajwe pamoja na mambo manne: mahali pa mwili, ukubwa wa eneo, joto la ngozi lilipoanzia, na kasi ya badiliko. Orodha imetaja nambari tu, ikamwachia mwalimu kubuni yaliyobaki.

"Uzoefu wa ngozi" na "kiinimacho cha joto"

Ngozi iliyokaa katika maji ya vuguvugu huacha kuyasikia baada ya dakika chache. Hali hii orodha inaiita "uzoefu wa ngozi". Uzoefu katika Kiswahili ni maarifa yapatikanayo kwa miaka ya kazi. Seremala ana uzoefu, nahodha ana uzoefu. Ngozi haina sifa hiyo. "Mzoeo" ungetosha, kwani umejengwa katika kitenzi kile kile na haujashikwa na maana nyingine iliyoenea.

Istilahi ya pili inachekesha, lakini kicheko hicho kina funzo. Mwaka 1896 Torsten Thunberg, naye wa Uppsala, alieleza kwamba vyuma vilivyopangwa sambamba, kimoja cha vuguvugu na kinachofuata cha baridi, vikigusishwa ngozi pamoja huleta hisi ya kuungua, ingawa hakuna hata kimoja kati yao kinachoweza kuunguza. Weber naye alikuwa ameonyesha kwamba sarafu ya baridi ikiwekwa kwenye paji la uso huonekana nzito kuliko sarafu ya vuguvugu ya uzito ule ule. Mambo ya namna hii orodha imeyapa jina "kiinimacho cha joto". Kiinimacho ni cha macho. Neno lenyewe linasema hivyo. Kumweleza mwanafunzi aliyefumba macho kwamba amepatwa na kiinimacho ni kumtaka acheke badala ya kujifunza. "Hadaa ya hisi" yafaa kwa zote: ya macho, ya ngozi na ya masikio.

Joto, moto na kuunguza

Orodha inatumia "joto" kwa kila kitu kilicho juu ya baridi. Huu ni umaskini wa kujitakia. Kiswahili kina ngazi. Kuna fufutende na vuguvugu, kuna joto, kuna "-a moto", kisha kuna kuunguza. Upande wa pili kuna kupoa, kuna baridi, na kuna kuzizima. Hewa ina maneno yake pia: hari, fukuto, kipupwe. Mama ampaye mtoto uji hasemi kwamba uji una joto. Husema uji ni wa moto, au bado unaunguza, au umepoa. Anajua anachosema, na sayansi inamuunga mkono, kwa sababu joto la kupendeza na joto la kuumiza hupitia neva zilizo tofauti. Maumivu huanza karibu na nyuzi 45. Chini ya hapo ni kazi ya vipokezi vya joto. Kuanzia hapo na kuendelea vipokezi vya maumivu huingia kazini. Mpaka huo Kiswahili kinao tayari katika vitenzi "kuunguza" na "kuchoma", na mfasiri hana haki ya kuufuta.

Pilipili ni mfano mwingine. Orodha inasema kwamba kiini cha pilipili "huleta joto mdomoni". Mwingereza husema hivyo katika lugha yake. Mswahili husema pilipili yawasha, na kitenzi hicho hicho hukitumia kwa kuwasha moto na kwa ngozi inayowasha. Methali yetu huuliza pilipili usiyoila yakuwashiani. Wanasayansi wa mwaka 1997 walipogundua kwamba pilipili na moto hubisha mlango mmoja katika neva, waligundua jambo ambalo kitenzi chetu kilikuwa kimeliweka pamoja. Hatudai kwamba wazee wetu walikuwa na darubini. Tunadai tu kwamba mfasiri aliyeliacha neno "kuwasha" akaandika "kuleta joto" ametupa mali.

Kitenzi: kuhisi, kusikia, kupambanua

Tumelibakiza jambo hili mwisho kwa sababu ndilo linalomgusa mgonjwa. Katika orodha nzima kitenzi ni kimoja, "kuhisi". Kincha cha neva kinahisi, neva inahisi, ubongo unahisi, mgonjwa anahisi. Juu ya hayo, "nahisi" katika mazungumzo ya kila siku humaanisha nadhani au nashuku. Kitenzi chenye mizigo mingi hivi hakiwezi kubeba sayansi.

Orodha imeambatishwa na swali la kielelezo kwa watumishi wa afya wanaopima ngozi yenye baka linaloshukiwa kuwa la ukoma: "Je, unahisi joto?" Ni vema tukumbuke kwa nini swali hilo linaulizwa. Ukoma hushambulia neva, na katika baka aghalabu hisi ya joto na baridi ni miongoni mwa zinazotangulia kupotea. Kipimo chenyewe ni rahisi na cha zamani: mirija miwili ya kioo, mmoja wa maji ya moto yasiyounguza, mmoja wa maji ya baridi, na mgonjwa amefumba macho. Mgonjwa ambaye hawezi kuipambanua kwenye baka, huku akiipambanua kwenye ngozi nzima, ametoa dalili muhimu.

Sasa na tufikiri swali hilo likiulizwa Tanga au Mombasa katika mwezi wa Februari, saa nane mchana. "Je, unahisi joto?" Mgonjwa yeyote atajibu ndiyo, na jibu lake litakuwa la kweli, kwa kuwa chumba kina fukuto. Mwingine atajibu ndiyo akimaanisha kwamba anadhani mrija ule una maji ya moto, kwa kuwa ameusikia mwanzo kwenye mkono mzima. Mtumishi ataandika kwamba hisi ipo. Baka litarudi nyumbani pamoja na mwenyewe, na neva itaendelea kuharibika. Kosa hilo halitakuwa la mtumishi wala la mgonjwa. Litakuwa la kitenzi.

Swali litakiwalo ni la kupambanua: "Nitakugusa mara mbili. Niambie, ni wa kwanza ulio wa moto, au ni wa pili?" Swali hili halina jibu la ndiyo. Linamlazimisha mgonjwa achague, na mtu asiyesikia atadhihirika baada ya majaribio machache, kwani bahati haidumu. Aanze kuguswa penye ngozi nzima ili ajue anachoulizwa, kisha aguswe kwenye baka.

Hali ni hiyo hiyo kwa mgonjwa wa kisukari ambaye neva za miguu yake zimedhoofika. Kumwandikia katika kijitabu cha ushauri kwamba "ahisi joto la maji kabla ya kuoga" ni kumtuma kwa mguu usiosikia. Kijitabu kinapaswa kusema: maji yapimwe kwa kipimajoto, au kwa kiwiko, au na mtu mwingine wa nyumbani, kabla ya mguu kutiwa. Hapa ndipo tofauti kati ya halijoto inayopimwa na joto linalosikiwa inapokuwa jambo la ngozi iliyobabuka au iliyosalimika.

Kwa hiyo tunapendekeza mgawanyo wa kazi. Kipokezi hupokea. Neva hupeleka. Mtu husikia. Na anapotenganisha viwili vinavyokaribiana, hupambanua. "Kusikia" lisiogopwe kwa madai kwamba ni la masikio tu. Kiswahili hakijawahi kulifungia humo. Twasikia harufu, twasikia njaa, twasikia usingizi, twasikia maumivu, twasikia baridi. "Kuhisi" libaki kwa maana zake za kawaida, na "hisi" ibaki kuwa jina la uwezo wenyewe.

Mwisho

Yamkini baadhi ya wasomaji watasema kwamba tumekuwa wakali juu ya orodha fupi. Tungejibu kwamba orodha fupi ndizo zinazoenda mbali. Kamusi kubwa hukaa rafuni. Orodha ya kurasa chache hunakiliwa, hubandikwa ukutani katika zahanati, huingizwa katika daftari la mwalimu, na makosa yake huzaa.

Tunashauri orodha irudishwe kwa walioitayarisha pamoja na mapendekezo haya: vipokezi viwe viwili, baridi ipewe fasili yake katika ngozi, mbali na ile ya fizikia, halijoto itumike kwa kipimo na isichanganywe, kizingiti kitajwe kwa tofauti, pamoja na mahali, eneo, mwanzo na kasi, mzoeo na hadaa ya hisi zichukue nafasi ya uzoefu na kiinimacho, ngazi za joto zirejeshwe, na kila kitenzi kipewe kazi yake. Aidha tunashauri kwamba kabla ya kuidhinishwa, watayarishaji wakae siku moja na mabakuli matatu ya maji pamoja na watu wachache wasiosoma sayansi, wawaulize wanasikia nini, na wayaandike majibu kama yalivyotamkwa. Majibu hayo yalinganishwe na fasili, na pale yanapotofautiana fasili iangaliwe upya kwanza.